Jifunze njia ya nguruwe mwitu kabla ya kumfukuza

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MKULIMA wa Ufipa anayelala shambani tangu mahindi yanapoanza kubeba hadi yanapokauka, hulipa gharama ambayo haiandikwi kwenye daftari lolote. Gharama hiyo hainunuliwi dukani kama mbolea wala haikopwi kama mbegu, lakini msimu unapokwisha huwa imekula magunia yake kama ilivyokula usingizi wake.

Mkoa wa Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kwa mahindi nchini. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) una kanda yake hapa Sumbawanga, na tangu barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilipowekwa lami, malori ya wafanyabiashara yanafika kwa urahisi zaidi kuliko zamani. Soko limesogea karibu na mkulima. Ndiyo maana kila gunia linaloliwa shambani usiku ni hasara kubwa kuliko ilivyokuwa wakati mahindi yalipokosa mnunuzi.

Kwa vijiji vinavyopakana na vichaka, mabonde ya mito, msitu wa Mbizi na mteremko wa Lyamba lya Mfipa unaoshuka kwenda bonde la Ziwa Rukwa, ulinzi wa shamba ni sehemu ya kilimo kama palizi. Hata hivyo, palizi ina wataalamu wake, vipeperushi vyake na semina zake. Ulinzi umeachiwa kila mtu na ujuzi wake, na wengi wanaendelea kupiga debe usiku kucha kwenye kona moja ya shamba huku nguruwe wakila kwenye kona nyingine.

Makala haya yanaeleza namna ya kutumia kibanda cha kuvizia kujifunza nyendo za wanyama, namna ya kupiga hesabu ya ulinzi, na mahali ambapo mkulima akivuka mpaka anaweza kupoteza zaidi ya mahindi.

Mwizi wako ni nani?

Jambo la kwanza ni kumjua anayekula. Wakulima wengi wakikuta mahindi yamelala chini hulaumu nguruwe mwitu, lakini kila mnyama ana namna yake ya kula na huacha alama zake.

Nguruwe mwitu hutembea usiku. Mchana hulala kwenye kichaka kizito, mara nyingi karibu na maji au matope anayogaagaa. Huenda kwa kundi, dume na jike wakubwa wakiwa viongozi na watoto wakifuata. Jike hubeba mimba kwa takribani miezi minne na huzaa watoto watatu au wanne kwa kawaida, wengi wakizaliwa kuelekea au mwanzoni mwa mvua. Kwa hiyo kundi linaloingia shambani mwezi Machi au Aprili lina midomo mingi kuliko lile lililoonekana kiangazi. Macho yake si makali sana, lakini pua na masikio yake ni hodari mno. Akila mahindi huangusha shina zima, hutafuna gunzi na kukanyaga mengi kuliko anayoyala. Ardhi iliyochimbuliwa kwa pua ni saini yake. Wayo wake una kwato mbili butu, na kwenye udongo laini zile kucha ndogo za nyuma huonekana pia.

Nyani na tumbili ni wezi wa mchana. Huvunja gunzi, huling'ata mara mbili na kulitupa, kisha huchukua jingine. Ukikuta magunzi yaliyoumwa nusu yametapakaa hadi chini ya miti, usilale shambani usiku kwa ajili yao. Mlinzi wao anatakiwa kuanzia alfajiri.

Nungunungu huja usiku peke yake au wawili. Hutafuna shina karibu na ardhi likaanguka, na hupenda mihogo, viazi na maboga. Mara nyingi huacha mwiba mmoja au miwili njiani.

Wapo pia swala wadogo: pongo, nsya na tohe. Hawa hawaangushi mahindi, bali hukata majani machanga ya maharage na mikunde mingine. Nyayo zao ni nyembamba na zimechongoka mbele. Pongo hukaa vichakani karibu na maji na hutoka jioni, usiku na alfajiri. Akishtuka hubweka kama mbwa. Tohe hulala kwenye majani marefu na akishtuka hupiga mluzi. Nsya akifukuzwa huinamisha kichwa na kupenya kichakani kwa kasi.

Wakulima wa jirani na Mbizi wakumbuke pia kuwa msitu huo una mbega wekundu, wanyama walio adimu. Wasichanganywe na tumbili wala kufukuzwa kwa mawe na mbwa kwa kosa ambalo si lao.

Kujua mapito kabla ya kujenga

Mwindaji mzoefu hajengi kibanda mahali panapompendeza yeye. Huanza kwa kutembea. Huko Marekani, ambako uwindaji wa paa wenye mkia mweupe ni shughuli ya mamilioni ya watu, wawindaji wengi hukaa ardhini ndani ya kibanda kidogo cha turubai au matawi. Kabla ya hapo hutumia muda mrefu wakisoma nyayo, vinyesi, mahali pa kulala na mahali pa kula. Kibanda huwekwa mapema ili paa wakizoee. Siku ya kuwinda ni ya mwisho katika kazi iliyoanza muda mrefu nyuma.

Mkulima wa Ufipa anaweza kuchukua nusu ya kwanza ya ujuzi huo bila kuhitaji bunduki. Afanye hivi:

Kwanza, azunguke shamba lote asubuhi na mapema, kabla jua halijakausha umande, na kutafuta mahali majani yalipolala na udongo ulipokanyagwa. Wanyama hawaingii popote. Wana milango yao, na mara nyingi shamba zima lina milango miwili au mitatu tu.

Pili, kwenye kila mlango alainishe udongo kwa upana wa hatua moja, au amwage majivu, kisha asawazishe kwa tawi kila jioni. Asubuhi atasoma nani ameingia, ametoka wapi na walikuwa wangapi. Hiyo ni kazi ya dakika chache inayoweza kufanywa na mtu anayekwenda palizi.

Tatu, ajifunze umri wa wayo. Wayo mpya una kingo kali na udongo wake una unyevunyevu. Wayo wenye vidimbwi vidogo vya matone juu yake ulikanyagwa kabla ya mvua. Kama mvua ilinyesha saa nne usiku na wayo hauna matone, mgeni alipita baada ya saa nne.

Nne, aandike. Daftari la shule la kurasa chache linatosha: tarehe, mlango uliotumika, aina ya mnyama, kama kulikuwa na mvua, mwezi ulikuwa mkubwa au mdogo, upepo ulitoka upande gani. Baada ya wiki mbili au tatu mkulima ataanza kuona mpangilio ambao kichwa peke yake hakikumbuki. Huenda akagundua kuwa nguruwe hawaji kila usiku, bali huzungukia mashamba kadhaa na kurudi kwake baada ya siku kadhaa. Ugunduzi huo pekee una thamani ya magunia.

Kibanda na upepo

Ukishajua milango, ndipo ujenge. Kibanda cha kuvizia cha ardhini hakihitaji gharama kubwa: nguzo, fito, nyasi na kamba. Kiwe na nafasi ya watu wawili kukaa, dirisha dogo upande wa mlango wa wanyama, na mlango wake upande wa pili. Ndani kuwe na giza, kwa sababu mtu anayeonekana kivuli chake dhidi ya mwanga wa nyuma hajajificha. Kijengwe wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajaanza kuvutia, ili wanyama wakizoee kama kichuguu.

Kosa kubwa la vibanda vingi ni upepo. Nguruwe mwitu hahitaji kukuona. Akisikia harufu ya moshi, sabuni au ugali atasimama kichakani hadi utakaposinzia, au atazunguka na kuingia mlango mwingine.

Kwenye nchi ya miinuko kama Ufipa hewa ina tabia yake. Mchana jua likipasha ardhi, hewa hupanda mlima. Jioni ardhi ikipoa, hewa baridi huteremka kuelekea bondeni kama maji. Kwa hiyo kama nguruwe wanatoka kwenye kichaka cha juu, kibanda kikiwa chini ya njia yao harufu yako itateremka mbali nao. Kama wanatoka kwenye korongo la chini, usikae juu yao moja kwa moja. Kaa ubavuni mwa njia. Kupima ni rahisi: chukua majivu kidogo mkononi, yaachie jioni na usiku wa manane, uone yanakokwenda. Fanya hivyo kwa siku kadhaa kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza.

Je, kibanda cha ardhini ni bora kuliko dungu? Inategemea. Dungu, yaani jukwaa lililoinuliwa, humwezesha mlinzi kuona juu ya mahindi na hubeba harufu yake juu zaidi. Katika maeneo yenye tembo, nyati au viboko, kama vile vijiji vilivyo kando ya Ziwa Rukwa na karibu na mapori ya akiba, mlinzi asikae ardhini kabisa. Kwenye uwanda wa juu, ambako adui mkubwa ni nguruwe na ambako usiku wa Mei na Juni baridi hukata mifupa, kibanda cha ardhini kina joto zaidi na ni rahisi kuhamisha.

Hapa ni lazima kutoa onyo. Usiingize jiko la mkaa kwenye kibanda kilichozibwa. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa hutoa sumu isiyo na harufu inayoua mtu akiwa usingizini. Blanketi la ziada na koti ni bei nafuu kuliko uhai.

Kuvizia ili kufukuza

Mwindaji hujificha ili mnyama asijue yupo hadi dakika ya mwisho. Mkulima anataka mnyama aogope shamba. Malengo haya mawili ni tofauti, na wengi huchanganya.

Mlinzi anayewasha moto mahali pamoja na kuimba usiku kucha anamfahamisha nguruwe mambo mawili: kwamba yupo, na kwamba yupo pale tu. Baada ya siku chache nguruwe hujua kuwa sauti ile haimfuati. Ndivyo ilivyo kwa sanamu ya nguo kuukuu na makopo yanayogongana kwa upepo. Kitu kinachotisha kila siku kwa namna ileile huacha kutisha.

Njia bora ni kutumia kibanda kama darasa kwa wiki za mwanzo, kisha kukitumia kwa mshtuko. Kaa kimya bila moto karibu na mlango unaotumika. Wanyama wakishaingia hatua chache, washa tochi kali, piga debe na filimbi kwa pamoja. Usiku unaofuata uwe kwenye mlango mwingine. Mnyama asiyejua hatari itatokea upande gani huona shamba hilo halina faida. Na usiwazibie njia ya kutokea. Nguruwe dume aliyebanwa ana meno makali na hujeruhi mtu na mbwa. Usimfuate ndani ya mahindi.

Mshtuko huu huwa na nguvu zaidi ukiambatana na kazi ya mchana. Fyeka ukanda wa hatua 10 hadi 20 kati ya kichaka na shamba, kwani wanyama wengi husita kuvuka mahali pa wazi. Ziba milango isiyo ya lazima kwa miiba au ua wa katani. Pale inapowezekana, upande ulio jirani na kichaka panda zao lisilopendwa na wanyama, kama pilipili, na mahindi yasogee ndani.

Hesabu ya magunia

Sasa tupige hesabu. Bei ya mahindi hupanda na kushuka, kwa hiyo tutahesabu kwa magunia. Takwimu hizi ni za mfano tu; kila msomaji aweke za kwake.

Tuchukue mkulima mwenye ekari tatu zilizopangana, kila moja ikiwa hatua 70 kwa 70. Shamba lake lina urefu wa hatua 210 na upana wa hatua 70, na upande mrefu unapakana na kichaka. Anategemea magunia 12 kwa ekari, yaani 36 kwa jumla. Kama nguruwe wataharibu ukanda wa hatua 10 tu kando ya kichaka, watakuwa wameharibu hatua za mraba 2,100 kati ya 14,700, yaani sehemu moja ya saba ya shamba. Hayo ni magunia matano na zaidi kidogo.

Akiajiri mlinzi kwa siku 75 na kumlipa magunia matatu, na mlinzi akazuia hasara yote, mkulima anabaki na faida ya magunia mawili. Lakini mlinzi akizuia nusu tu, anaokoa magunia mawili na nusu na kulipa matatu. Mkulima amepata hasara ya nusu gunia juu ya ile aliyokwisha kuipata kwa nguruwe. Tofauti kati ya faida na hasara haitokani na idadi ya siku ambazo mlinzi alilala shambani. Inatokana na kama alikuwa kwenye mlango sahihi.

Tuseme sasa wakulima wanne wenye mashamba kama hayo wanapakana na kichaka kimoja. Kila mmoja akiajiri mlinzi wake, wanalipa magunia 12. Wakiungana na kuweka walinzi wawili wanaojua milango yote, wanalipa magunia sita, yaani gunia moja na nusu kwa kila mmoja. Na kama hawataki kuajiri, wakilinda kwa zamu ya watu wawili kila usiku, kila mkulima atakesha usiku 37 au 38 badala ya 75. Siku anazobaki nyumbani atalala, na mtu aliyelala anafanya kazi kesho yake.

Kuna faida nyingine ya kuungana. Mkulima mmoja akifukuza nguruwe kwake, huenda kwa jirani. Kijiji kinacholinda kila mtu kivyake kinahamisha hasara tu.

Njia ya pili ya kupunguza gharama ni kufupisha msimu wa ulinzi. Mahindi huwa hatarini zaidi vipindi viwili: mara baada ya kupandwa, mbegu zinapofukuliwa, na tangu yanapokuwa mabichi ya kuchoma hadi yanapovunwa. Uwandani wengi huacha mahindi yakauke yakiwa shambani hadi Juni au Julai. Mkulima akivuna mara tu yanapokomaa na kuyakaushia nyumbani kwenye kichanja, anapunguza wiki kadhaa za kukesha. Sharti ni kuyakausha vizuri hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, kwa sababu mahindi yaliyohifadhiwa mabichi huota ukungu wenye sumukuvu, na hapo atakuwa amemkimbia nguruwe akakutana na adui mbaya zaidi.

Gharama ya watoto nayo ihesabiwe. Katika familia nyingi ulinzi wa nyani hufanywa na watoto wa shule, kwa sababu nguvu yao inaonekana kuwa ya bure. Mtoto anayekosa masomo wiki sita kila mwaka kwa ajili ya tumbili analipa deni ambalo halitalipwa kwa gunia. Zamu za watu wazima kwa vikundi zinaweza kuondoa kabisa jambo hili.

Hapa ndipo mpaka ulipo

Anayekaa kibandani na kujua kila njia ya pongo na nguruwe hupata kishawishi. Mnyama yuko mbele yake, nyama ipo, na nyumbani mboga ni maharage kila siku. Ni lazima kusema wazi sheria inasemaje.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974, wanyamapori wote nchini ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Kuwa ndani ya shamba lako hakumfanyi pongo kuwa wako. Uwindaji unahitaji leseni inayotaja aina ya mnyama na eneo. Mitego ya nyaya, mashimo, sumu na moto ni njia zilizokatazwa. Gobole lisilo na kibali ni kosa lingine linalojitegemea, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Kukutwa na nyama au ngozi bila kibali ni kosa la kumiliki nyara za Serikali, na linaweza kufunguliwa kama kesi ya uhujumu uchumi. Mahakama nchini zimekwisha kuwafunga watu miaka 20 kwa kukutwa na nyama ya mnyama mmoja. Linganisha na hesabu yetu ya juu: mkulima aliyekuwa anapoteza magunia matano kwa msimu anaweza kupoteza misimu 20.

Sheria inatambua kuwa mtu anaweza kumuua mnyama katika kujitetea yeye au mali yake pale ambapo hapana njia nyingine. Lakini mnyama huyo anabaki kuwa mali ya Serikali, na taarifa inatakiwa kutolewa haraka kwa ofisa wanyamapori au polisi. Anayechuna kwanza na kutoa taarifa baadaye hana cha kujitetea.

Mkulima ambaye ulinzi umemshinda aende kwa bwana nyama wa wilaya kupitia serikali ya kijiji. Askari wa wanyamapori, wakiwamo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), ndio wenye madaraka ya kumdhibiti mnyama mharibifu, hata kwa risasi inapobidi. Hapa daftari la mapito linakuwa na faida ya pili. Ofisa anayeletewa tarehe, milango na idadi ya nyayo ana mahali pa kuanzia. Anayeambiwa tu kuwa nguruwe ni wengi atafika, atatazama kichaka, na kuondoka.

Kuhusu malipo, kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi zilizotungwa mwaka 2011 zililenga madhara ya wanyama hatari kama tembo, kiboko, nyati na simba, na zilihesabu kwa ekari na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Mkulima aulize halmashauri viwango vinavyotumika sasa, na atoe taarifa mapema tathmini ifanyike. Ila asipange bajeti yake kwa kutegemea kuwa nguruwe mwitu au nyani watamletea hundi.

Kwa mwenye bucha na mfuga nguruwe

Wafanyabiashara wadogo nao wanahusika. Tangu kanuni za biashara ya nyamapori za mwaka 2020, mtu anaweza kuomba leseni ya kuuza nyamapori buchani kwa utaratibu maalumu, nyama ikitoka kwenye vyanzo halali na ikiwa na nyaraka zake. Biashara hiyo ipo na ni halali. Lakini nyama inayoletwa usiku kwenye ndoo, haina karatasi wala mhuri wa mkaguzi, haiwi halali kwa kuwa bei yake ni nzuri. Mama lishe anayeinunua anashitakiwa sawa na aliyemtega mnyama, na wateja wake wanaweza kuugua kimeta.

Wafugaji wa nguruwe wana sababu nyingine ya kuiogopa nyama hiyo. Nguruwe mwitu na ngiri wanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao kuonekana wagonjwa. Nguruwe wa kufugwa akiupata, hufa, na ugonjwa hauna tiba. Mabaki ya mzoga wa nguruwe mwitu yakitupwa karibu na banda, au maji ya kuoshea nyama hiyo yakamwagwa kwenye pumba, banda zima linaweza kwisha ndani ya siku chache. Kwa sababu hiyo hiyo, nguruwe wa kufugwa wasiachwe wazurure kwenye vichaka wanavyotumia wale wa porini.

Cha kufanya kabla ya msimu

Mvua za Ufipa huanza Novemba. Vikundi vya wakulima vinavyotaka kulinda kwa faida vianze kazi mapema. Oktoba ni mwezi wa kutembea na kutambua vichaka vyenye wanyama, kwa sababu nyasi ni chache na njia huonekana. Wakati wa kupanda, mashamba ya jirani yapangwe yawe kwenye mstari mmoja badala ya kila mtu kujitenga porini, maana shamba la peke yake limezungukwa na kichaka pande zote nne. Januari ni ya kufyeka mipaka na kupanga zamu kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Februari vibanda vijengwe na madaftari yaanze.

Kikundi kiwe na kanuni tatu zisizo na mjadala: hakuna nyaya, hakuna sumu, hakuna gobole. Kinachotikisa mahindi usiku si lazima awe nguruwe. Anaweza kuwa jirani aliyekuja kukupokea zamu.

Mwisho wa msimu kikundi kikae na kuhesabu: usiku tuliokesha, magunia tuliyopoteza, milango iliyotumika zaidi. Madaftari ya mwaka huu ndiyo yatakayoamua vibanda vya mwaka ujao vijengwe wapi, na mashamba ya nani yahitaji walinzi wawili badala ya mmoja.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi kilimo.